Jina la Kuitwa

Nimeandika barua za watu wengine kwa muda mrefu kuliko nilivyoandika zangu. Utotoni, jirani zetu wasiojua kusoma waliniita nikae mkekani na kalamu, wakanieleza ya kumwambia mtoto aliyeko Mombasa au mume aliye mashambani, nami nikaandika. Nilijifunza mapema kwamba nusu ya barua ni salamu. Kabla ya kutaja fedha, ugonjwa au mbuzi aliyeuzwa, ilipasa ijulikane nani anasalimu, nani anasalimiwa, na kwa nafasi gani. Mama mdogo haandikiwi kama dada, wala shemeji kama rafiki. Mtu akikosea hapo, hata habari zake ziwe njema namna gani, barua yake husomwa kwa uso uliokunjamana.

Sasa nimestaafu ualimu, na barua ninazoandika ni za duka. Mpwa wangu anauza kanga na vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya wateja wake wamekuwa Waswahili walio mbali, Muscat, London na Toronto. Wateja wa hapa nyumbani humpigia simu au humpelekea ujumbe wa WhatsApp. Wale wa mbali, hasa wenye umri, wanapenda barua pepe, kwa kuwa hukaa na huweza kusomwa tena. Kila mwezi naandika barua moja kueleza kanga zilizoingia, majina yake na bei ya doti, na programu ya kompyuta huipeleka kwa watu mia sita na zaidi kwa dakika chache. Programu hizi huongezewa uwezo mpya kila baada ya miezi michache, na kila uwezo mpya huja kwa vigelegele. Ningependa kukueleza, msomaji, yaliyotupata tulipoupokea baadhi yake, maana sidhani kuwa ni mambo ya duka letu peke yake.

Barua ya namna hii haikuzaliwa jana. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao uitwao ARPANET, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Miaka saba haikutimia vizuri kabla biashara haijaingia. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, aliyekuwa mtu wa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwapelekea mamia ya watumiaji wa mtandao huo mwaliko wa kuja kuona kompyuta mpya. Anwani zilikuwa nyingi mno hata nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu walikasirika, naye akakemewa. Lakini baadaye alieleza kwamba mashine zilinunuliwa. Tangu siku hiyo hasira na faida zimekuwa zikisafiri katika bahasha moja.

Zilipofika zama za maduka ya mtandaoni, zikatokea programu za kuwasaidia hata wenye biashara ndogo. Iliyojulikana kupita nyingi ni Mailchimp, iliyoanzishwa Atlanta mwaka 2001 na Ben Chestnut na Dan Kurzius, na ambayo mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Intuit kwa dola zipatazo bilioni 12. Kupeleka barua tu hakuwezi kuwa na thamani hiyo. Kwa maoni yangu, kilichonunuliwa ni maduka yale mamilioni yenye orodha za watu, na yote yanayoweza kujulikana juu ya watu hao. Sisi tunaitumia programu nyingine, ambayo sina haja ya kuitaja.

Mimi si adui wa barua moja kupelekewa wengi. Mtu wa duka la kanga hawezi kuwa adui wa jambo hilo, kwa kuwa kanga yenyewe ni maneno yale yale yaliyochapwa mara maelfu. Hata hivyo hakuna anayelalamika kwamba kanga yake ina maneno ya kila mtu. Mama mmoja huinunua ampe mkwewe, mwingine hujifunga apite nayo mbele ya mlango wa jirani, wa tatu huiweka sandukuni mpaka ipatikane siku ya kuifaa. Kiwandani maneno hayana mwenyewe. Mtu ndiye anayeyaelekeza, na akikosea kuyaelekeza ugomvi ni wake.

Sasa nirudi kwenye salamu. Programu nyingi za barua zilibuniwa Marekani na Ulaya, na visanduku vyake vya kwanza ni viwili, jina la kwanza na jina la ukoo. Ukiandika alama fulani mwanzoni mwa barua, programu huiondoa na kuweka jina la kila mtu mahali pake. Kwa Mmarekani, kuitwa jina lake la kwanza na mtu asiyemjua ni uchangamfu. Kwetu jina tupu ni la mtoto, la mtu wa rika lako, au la askari anayesoma orodha ya walioshikwa. Huwezi kumwandikia bibi wa miaka sabini jina lake lililo tupu kana kwamba umekutana naye bombani mkiwa na ndoo.

Kwa bahati programu inaruhusu mwenye duka kuongeza safu zake mwenyewe. Tukaongeza moja, tukaiita Wito, kisha tukawaandikia wateja wote swali moja: tukuiteje? Zaidi ya nusu walijibu, na sijapata kusoma barua za biashara zenye raha kama zile. Mzee mmoja wa Muscat alisema huko kila mtu humwita kwa cheo chake cha kazi, nasi tumwite Babu, maana sauti ya duka ni ya wajukuu. Daktari mmoja wa Toronto akasihi tusimwite daktari. Alitaka pawe na mahali pamoja duniani anapoitwa Dada. Msichana mmoja akasema tukimwita Bi. atadhani tunamwandikia mama yake. Bwana mmoja alituletea majina manne na vyeo vitatu, na yote yakaingia, ingawa barua yake huanza kwa mstari mzima wa yeye peke yake.

Palikuwa na jibu jingine. Mama mmoja alieleza kwamba kwa miaka mingi aliitwa Mama Fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kwamba mwana huyo amefariki. Ndugu zake wangali wakimwita hivyo, naye hawakatazi. Lakini barua humkuta peke yake, asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini, na hapendi kulikuta jina lile hapo. Akaomba aitwe Bi. na jina lake mwenyewe. Mpwa wangu aliandika hivyo katika safu, akakisoma alichokiandika mara mbili, kisha akafunga kompyuta ingawa kazi ilikuwa haijaisha.

Siku hizi watengenezaji wa programu hizi hawajivunii sana barua. Wanajivunia kuunganisha. Programu ya barua inaunganishwa na ukurasa wa duka mtandaoni, ukurasa wa duka unaunganishwa na malipo, malipo na hesabu, hesabu na mzigo uliosafirishwa, hata kila kimoja kikawa kinaambiwa na mwenzake bila mtu kushika kalamu. Nisije nikaonekana mzee anayenung'unikia kila kipya, nitasema wazi kwamba kabla ya hapo mpwa wangu alikuwa akinakili majina usiku, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, mpaka saa sita, na mtoto wake akilala kabla hajamwona. Kuunganisha kulimrudishia jioni zake. Barua ya kumjulisha mteja kwamba mzigo umeondoka ilikuwa ikichelewa siku mbili, sasa hutoka papo hapo. Aliyenunua kanga za harusi haletewi habari za vitenge vya kiume. Hayo ni mema, na mpwa wangu angeyatetea mbele ya mtu yeyote.

Lakini fundi aliyekuja kuunganisha alipaswa kujibu swali moja: mahali pawili pakitofautiana, pa kuaminiwa ni wapi? Akachagua ukurasa wa duka, kwa kuwa huko ndiko wateja huandika wenyewe, na akailekeza safu yetu ya Wito ichukue jina linalotoka huko. Kwa mtu aliyelitazama jambo kwa nje ilikuwa akili nzuri. Ila yule mama, miaka mingi nyuma, wakati mwanawe yu hai, alikuwa amejiandikisha katika ukurasa wa duka, na katika kisanduku cha jina aliandika Mama Fulani. Usiku mmoja programu zilisawazisha orodha zao. Jina la zamani likavuka likakaa juu ya lile alilotuomba, na barua ya mwezi ikatoka.

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Nilikuombeni jambo moja tu."

Nimelifikiria sana lililotendeka usiku ule, maana kwa programu hapakuwa na kosa lolote. Iliona maneno mawili tofauti katika sehemu mbili, na ikayahesabu mapya yale yaliyofika usiku ule. Ilijua tarehe ya kufika. Tarehe ya kusemwa haikuijua. Haikuwa na njia ya kutambua kwamba moja liliandikwa kwa haraka na mtu aliyetaka kununua doti mbili, na jingine liliandikwa na mtu aliyekuwa ameketi akakusanya moyo. Katika kisanduku yote mawili ni herufi.

Mpwa wangu hakumwandikia. Alimpigia simu, wakazungumza karibu saa nzima, na waliyozungumza si yangu kuyasimulia. Alipomwambia fundi, fundi akajibu kwamba safu moja haiwezi kuachwa nje, ama zote zisawazishwe ama hapana. Siku mbili baadaye akarudi akiwa ameona kwamba inawezekana: kila safu inaweza kupewa mwelekeo wake, ipokee, itoe, au isiguswe. Safu ya Wito sasa haiguswi na programu nyingine yoyote. Kuibadilisha ni lazima mtu aifungue, aandike kwa mkono wake, ahifadhi. Maana yake ni kwamba mpwa wangu amerudi kunakili kidogo, si mpaka saa sita ya usiku, lakini anarudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe. Ni sheria njema. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kusahihisha, nasi tulikuwa tumekwisha kusahihishwa. Tulichokosa ni kitu cha kukumbuka kwamba tulisahihishwa.

Liko jambo la pili ambalo mimi na mpwa wangu hatujapatana mpaka leo, nalo ni la kikapu. Mteja akiingia katika ukurasa wa duka, akachagua kanga, akaziweka katika kikapu, kisha akaondoka bila kulipa, programu iliyounganishwa humwona. Baada ya muda uliopangwa humwandikia: umesahau kitu. Asipojibu humwandikia tena, na mara ya tatu humpunguzia bei.

Wewe unayejua maduka yetu unajua mteja anavyotoka. Ameshika kitambaa, amekipima kidoleni, ameuliza bei, amekisifu, kisha anasema: nitarudi. Muuzaji anajibu: karibu sana. Wote wawili wanajua kwamba huenda asirudi, na wote wawili wameheshimiana. Neno hilo moja limebeba kukataa, shukrani na kuaga, bila yeyote kuona haya. Muuzaji anayemfuata mteja barabarani akimwambia "umesahau kitambaa chako" ataonekana ama hana adabu ama ana njaa. Na akimfuata mara ya tatu akimpunguzia bei, basi aliyelipa bei kamili jana ndiye aliyefanywa mjinga.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote, kwa urefu kuliko nilivyoyaeleza hapa. Akanisikiliza, kisha akanionyesha hesabu. Zilikuwa doti kumi na nne katika mwezi mmoja, zilizolipiwa na watu walioandikiwa kuhusu vikapu vyao. "Mjomba," akaniambia, "wengine simu iliwazimikia. Wengine mtoto alilia. Hawakusema nitarudi, hawakupata nafasi ya kusema." Hilo sikuwa nimelifikiria. Kodi ya fremu anailipa yeye, sio mimi. Tukafika katikati: barua moja tu, baada ya siku mbili, isiyosema umesahau, isiyopunguza bei, inayosema kwamba kanga zile bado zipo na karibu tena. Niliiandika mwenyewe. Bado siipendi, naye bado anaona ni laini mno.

Juu ya kuhesabu wanaofungua barua sitasema mengi. Ndani ya barua huwekwa picha ndogo mno isiyoonekana, na kompyuta ya msomaji inapokwenda kuichukua, programu huandika kwamba fulani amefungua, saa fulani. Ni kama kumwandikia mtu kisha kujificha nyuma ya dirisha lake. Mwezi wa Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwapa watumiaji wa programu yake ya barua kinga ambayo huzipakua picha hizo mapema, mtu awe amesoma au hajasoma, na hesabu zikavurugika. Tangu hapo tunaambiwa kila mwezi kwamba watu wengi sana wamefungua barua yetu. Nimeacha kuitazama namba hiyo. Naangalia waliojibu, na hao nawahesabu kwa vidole na mara nyingine kwa vidole vya miguu.

Katika mambo mapya yote, lililonifurahisha ni la kuondokea. Mwezi wa Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwadai wapelekaji wakubwa wa barua wathibitishe kwamba ndio wenye anwani wanazotumia, wahakikishe malalamiko hayafiki matatu katika kila barua elfu moja, na waweke njia ya kujitoa katika orodha kwa kubonyeza mara moja. Kwa Google mpelekaji mkubwa ni yule anayefikisha barua 5,000 kwa siku katika anwani za Gmail. Sisi hatukaribii hapo, lakini programu yetu imetuwekea njia hiyo nasi, na sawa. Zamani mtu aliyetaka kuondoka aliulizwa sababu, akaulizwa tena kama ana hakika, akaonyeshwa sura ya huzuni. Sasa hubonyeza na kwenda. Mwezi ule barua ilipotoka na wito usio wake, watu kumi na mmoja walibonyeza, na mmoja wao alikuwa yule Babu wa Muscat. Alikuwa ameitwa jina lake tupu na duka la wajukuu. Hatuna ruhusa ya kumwandikia tena, wala simu yake hatuna, na hivyo ndivyo inavyopasa, ingawa mpwa wangu humtaja.

Tangu mwaka 2023 programu nyingi za barua zimetiwa akili bandia ya kuandika. Yetu nayo imetiwa. Unaiambia unauza nini na unamwandikia nani, nayo inakutolea barua nzima kabla chai haijapoa. Nimeijaribu kwa haki. Kiswahili chake kinanyooka kuliko nilivyotazamia, na bei haikosei. Lakini kwa mteja asiyenunua kwa muda ilinipa kichwa cha barua kisemacho "Tumekukosa!" Najua ilikotoka. Kwa Kiswahili changu maana yake ni kwamba tulikutupia jiwe likapita pembeni. Nikairekebisha, ikaniandikia "Tunakukumbuka," iliyo sahihi kabisa, na ambayo nisingependa mke wa mteja wetu aikute katika simu ya mumewe ikitoka kwa duka la mwanamke. Kuhusu saa ya kupeleka, programu ilipendekeza Ijumaa adhuhuri kwa watu wa Muscat. Nadhani iliona kwamba simu zao zimetulia.

Haya hayanipi shida sana, kwa sababu makosa ya namna hiyo yatasahihishwa, na pengine mwakani nitakosa la kuchekea. Linalonipa shida ni pendekezo lililoletwa mwezi uliopita. Kwa ada ya juu zaidi, programu itaweza pia kuzisoma barua zinazotujia na kuzijibu kwa jina la duka, mchana na usiku, kwa lugha ya mteja, ikiwa imeunganishwa na yote tunayoyajua juu yake. Mpwa wangu anaona kwamba barua nyingi zinauliza mambo yale yale: bei, rangi, siku za posta. Ni kweli. Nilipofungua za mwezi huu nilikuta thelathini na mbili, na ishirini na tisa kati yake mashine ingeweza kuzijibu vizuri kuliko mimi, tena bila kusahau miwani.

Kati ya zile tatu zilizosalia, moja ilikuwa ya yule mama. Anaagiza doti moja, ya zawadi kwa mkwe wake aliyebaki na watoto, na anauliza kama tunayo yenye maneno ya kumtia mtu nguvu pasipo kumkumbusha. Hakutaja rangi. Tumetandaza kanga kumi na saba juu ya meza, mimi na mpwa wangu, tunasoma moja baada ya nyingine kwa sauti, na hatujapata iliyo sawa. Kesho unaingia mzigo mpya kutoka kiwandani.